Swali la Mdau Mgumu

Niliitwa kwenye usaili Iringa kwa ujumbe mfupi wa simu, nikiwa uani kwetu Uyole, Mbeya, nikianua nguo haraka haraka kwa sababu mvua ilikuwa inashuka kutoka mlimani. Niliusoma ule ujumbe mara tatu, nguo begani. Kampuni moja inayonunua mazao ya wakulima ilikuwa inatafuta mchambuzi wa mahitaji ya mifumo. Mkataba wangu wa mwisho ulikuwa umekwisha miezi mitano nyuma, na sasa natakiwa nifike Jumanne, saa tatu asubuhi, na vyeti halisi.

Kazi yangu ni ngumu kuieleza nyumbani. Mama yangu amelima viazi na pareto sehemu kubwa ya maisha yake, na aliwahi kuwaambia wenzake wa kwaya kwamba mwanawe wa pili "anachambua". Mmoja wao akauliza anachambua nini, mboga au maharage. Siku hiyo nilikaa na mama nikamweleza. Kuna watu wanataka kompyuta iwafanyie kazi fulani. Kuna wengine wanatengeneza hiyo programu. Hawa na hao hawaelewani, kwa hiyo mimi nakaa katikati, nauliza maswali, naandika kinachotakiwa. Mama akafikiri, akasema kwa Kisafwa kwamba basi mimi ni mkalimani. Sikubisha. Mpaka leo sijapata maelezo bora kuliko hayo.

Rafiki yangu tuliyesoma naye chuo, ambaye sasa anafanya kazi Dodoma, alinipigia baada ya kumtumia ule ujumbe.

"Watakuuliza habari za mdau mgumu," alisema. "Lazima. Mimi nimefanya usaili mara sita, na mara zote sita wameuliza."

"Mdau mgumu ndiye nani?"

"Mtu anayekwamisha mradi. Bosi hataki kusaini, karani hatoi taarifa, vitu kama hivyo. Unaeleza hali ilikuwaje, wewe ulitakiwa ufanye nini, ukafanya nini, matokeo yakawa nini. Basi, usizunguke."

Nilipokata simu nilibaki nalijaribu lile neno mdomoni. Mtaani kwetu mdau ni mtu wako. Ni yule anayekupungia mkono ukipita kijiweni, anakuuliza vipi mdau, unamjibu poa. Sasa natakiwa nitafute mmoja aliyekuwa mgumu, nimweleze kwa hatua nne mbele ya watu nisiowajua. Nilifikiria kazi zote nilizowahi kufanya, ambazo si nyingi, na kila nilipofikiria nilirudi kwa mtu mmoja tu. Alikuwa mama wa mapokezi kule Ubaruku, bonde la Usangu.

Ubaruku ni mpunga. Ukiingia wakati wa mavuno unaona mpunga umeanikwa kwenye maturubai kila mahali, na mashine za kukoboa zinaunguruma tangu asubuhi. Kikundi kimoja cha wakulima chenye mashine yao kilikuwa kimeomba mfumo wa foleni. Mkulima akileta mpunga asajiliwe, apewe namba, na zamu yake ikikaribia apate ujumbe kwenye simu, ili asishinde pale siku mbili akilinda magunia. Kampuni ndogo ya Mbeya niliyokuwa naifanyia kazi ilipata hiyo kazi, na mimi nikatumwa kwenda kuuliza maswali.

Mtu wa kwanza kuulizwa alikuwa huyo mama. Ndiye aliyekuwa anapokea mpunga tangu mashine ilipofungwa. Alikuwa mtu mzima wa makamo ya mama yangu, mnene kiasi, sauti ya chini, na alikaa kwenye benchi langoni na kipande cha chaki. Mpunga ukishushwa anautumbukizia mkono, anang'ata punje mbili kupima ukavu, anaandika alama kwenye gunia. Nani atakoboa kwanza na nani atangoja, alijua yeye kichwani.

Nilimpenda tangu siku ya kwanza, na hilo ndilo lililonichanganya baadaye. Aliniita mwanangu. Mchana alinipakulia wali na mboga kwenye sahani yake mwenyewe. Nikimuuliza swali anajibu. Nikimsomea nilichoandika anasema, "Sawa, mwanangu." Nikimwonyesha kishikwambi, namna ya kusajili mtu na namna ya kutoa namba, anaangalia kwa makini anasema, "Sawa kabisa, mwanangu." Wiki tatu nzima. Nilirudi Mbeya nikamwambia bosi wangu kwamba sijawahi kupata mtu mzuri kama huyu.

Mfumo ulipokamilika tukapeleka vishikwambi viwili. Nikawafundisha siku mbili, nikaondoka. Baada ya wiki moja bosi akaniita, akanionyesha kompyuta. Hakukuwa na mkulima hata mmoja aliyesajiliwa.

Nikapiga simu. "Mama, mfumo una tatizo?"

"Hauna tatizo, mwanangu."

"Mbona hamsajili?"

"Tutasajili."

Wiki ya pili hali ikawa hiyo hiyo. Nikaenda Ubaruku mwenyewe bila kutoa taarifa. Mama wa mapokezi alikuwa kwenye benchi lake, chaki mkononi, na watu wamejaa langoni. Nilipouliza vishikwambi viko wapi aliingia ofisini, akafungua kabati, akatoa ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Ndani ya ndoo kulikuwa na kanga, na ndani ya kanga kulikuwa na vishikwambi vyote viwili, vimezimwa, safi kama vilivyotoka dukani.

"Hivi hapa," alisema. "Havina hata mkwaruzo."

Nilirudi Mbeya nikaandika barua ya kurasa mbili kwa mwenyekiti wa kikundi, nikamweleza kwamba mhusika wa mapokezi haonyeshi ushirikiano. Siku nne baadaye nikaambiwa mama yule amehamishiwa upande wa kushona magunia, na langoni amekaa kijana aliyemaliza chuo. Mfumo ukaanza kufanya kazi siku ile ile. Bosi alinipongeza mbele ya wenzangu. Sikwenda tena Ubaruku.

Hiyo ndiyo hadithi niliyoiandika kwa Kiingereza kwenye daftari, hatua nne, kwa sababu nilidhani usaili utakuwa wa Kiingereza. Kwa Kiingereza ilikaa vizuri sana. Kila sentensi ilianza na mimi: mimi nilitambua, mimi nilishirikisha uongozi, mimi nilipata suluhisho. Niliikariri nikipika, nikifagia, nikioga. Kuna siku mdogo wangu aligonga mlango wa bafu akauliza naongea na nani.

Iringa niliingia Jumatatu mchana, nikalala kwenye nyumba ya wageni karibu na stendi, na asubuhi nikapanda mlima kwa miguu hadi ofisi za ile kampuni, viatu vya kisigino ndani ya mfuko. Tulikuwa watu saba kwenye veranda. Wanne walikuwa na kompyuta mpakato mapajani na walikuwa wanapitia vitu. Mimi nilikuwa na daftari.

Nilipoitwa nikakuta jopo la watu watatu. Katikati alikaa mwanamume mwenye koti la suti na sweta ndani yake, ambaye alijitambulisha kuwa mkuu wa idara. Kushoto kwake alikuwa dada wa rasilimali watu, kijana kuliko mimi, na fomu mbele yake. Kulia alikuwa mzee mmoja mwembamba, kofia amepachika gotini, ambaye niliambiwa ni mwakilishi wa wakulima kwenye bodi.

"Kamwene," alinisalimia yule mzee.

Mimi si Mhehe. Nilijua ni salamu lakini wakati ule nilisahau inajibiwaje. "Shikamoo," nikasema.

"Marahaba," akasema, akatabasamu kidogo.

Maswali ya mwanzo yalikwenda vizuri. Mkuu wa idara aliuliza kwa Kiingereza, nikajibu kwa Kiingereza. Kisha akageuka kulia akasema, "Mzee, labda na wewe," na mzee akavuta karatasi, akaisoma kwa macho kwanza, halafu akasema kwa Kiswahili, polepole:

"Haya. Hapa wameandika, tueleze wakati ulipokutana na mdau mgumu katika kazi yako, na namna ulivyomshughulikia."

Moyo uliruka kwa furaha. Swali lilikuwa lile lile. Nikafungua mdomo, na Kiingereza changu chote kikawa pale tayari, lakini yule mzee alikuwa ananiangalia akisubiri Kiswahili. Nikaanza kutafsiri huku naongea. Nikasema kulikuwa na mama mmoja wa mapokezi kwenye mashine ya mpunga. Nikasema alikuwa hatoi ushirikiano. Nikasema, kwa hiyo, nikamshughulikia.

Dada wa rasilimali watu akacheka, akaziba mdomo. Mkuu wa idara naye akacheka. "Ulimshughulikia yule mama?"

Nikasikia nilichosema. Kwa namna tunavyoongea, mtu ukimshughulikia amekoma. "Hapana, siyo hivyo," nikasema. "Nilimaanisha nilishughulika naye." Hilo nalo halikuwa sawa. "Nilitatua. Nilitatua tatizo lake." Lakini yule mama hakuwa na tatizo, tatizo lilikuwa langu.

"Ngoja," mkuu wa idara akasema kwa upole. "Alikataa mfumo?"

"Hakukataa."

"Alikujibu vibaya?"

"Hapana. Alikuwa mkarimu sana."

"Alifanya nini basi?"

"Alisema sawa."

Wakatazamana. Nilitaka kuwaeleza habari ya ndoo na kanga, lakini kichwani nikaona picha yake nikashindwa kujua inaonyesha nini. Ule ugumu ulikuwa wapi? Kwenye daftari ulikuwepo, tena umepigiwa mstari.

Yule mzee akasogea mbele. "Mwanangu, huyo mama alikuambia kwa nini hakutumia hicho chombo?"

Nilikuwa nimemuuliza yule mama maswali arobaini na zaidi. Nilimuuliza anapokea watu wangapi, anaanza saa ngapi, gunia likiwa bichi anafanya nini. Hilo moja sikuwahi kumuuliza. Ningeweza kusema hivyo. Nililiona jibu la kweli mbele yangu, fupi tu, na badala yake nikasikia sauti yangu ikisema:

"Ndiyo, aliniambia. Alisema anaogopa teknolojia."

"Aa," mkuu wa idara akasema, akaegemea kiti. "Wengi wako hivyo." Dada wa rasilimali watu akaandika. Hali ya chumba ikalegea, kila mtu sasa alikuwa ameelewa. Mzee aliichukua kofia yake gotini, akaigeuza, akairudisha.

Nilitoka pale nisijue kama nimefaulu au nimeharibu. Veranda ilikuwa na jua, wenzangu wakaniuliza wameuliza nini, nikawaambia mambo ya kawaida tu.

Basi la kurudi Mbeya liliondoka saa nne na nusu. Nilikaa dirishani, na tulipopita Mafinga nilikuwa bado najiuliza kwa nini nimesema vile. Haukuwa uongo wa kuokoa maisha. Isitoshe, inawezekana ulikuwa kweli. Mtu mzima, maisha yake chaki, anapewa kioo cha kugusagusa, anaogopa, anakificha kwenye kanga. Inaingia akilini kabisa. Tatizo ni kwamba hakuniambia. Nilikuwa nimemtungia maneno, nikayaweka mdomoni mwake, na watu watatu wakayaamini. Nyololo basi lilisimama abiria wakanunua mahindi ya kuchemsha, na mimi sikuweza kula. Tulipofika Igawa nikasimama, nikamwambia kondakta nashuka.

"Si umekata Mbeya?" akauliza.

"Nimebadilisha."

Nilikuwa na mfuko mmoja na viatu vya usaili. Nilipata gari la kwenda Rujewa, na lingine hadi Ubaruku, na njia nzima sikuwa nimejua nitasema nini. Nilifikiri nitamtafuta upande wa kushona magunia. Lakini nilipoingia langoni yeye ndiye mtu wa kwanza niliyemwona. Alikuwa kwenye benchi lake lile lile. Kishikwambi kilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki angavu, kimening'inizwa shingoni kwa utepe, na alikuwa anamsajili mkulima kwa kidole kimoja, haraka, bila hata kuangalia sana, huku mkono wa pili ukiandika chaki kwenye gunia.

"Mwanangu!" akaita. "Umepotea wewe! Umekonda. Njoo ukae."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nyumbani wazima? Subiri nimalize na huyu baba."

Yule baba alikuwa mfugaji, fimbo begani, mmoja wa wale ambao wazazi wao walihamia bonde la Usangu na ng'ombe kutoka kaskazini, na sasa wanalima mpunga pia. Alikuwa ameleta magunia kwa mkokoteni na hakuwa na haraka. Alisogea akanipisha kwenye benchi, akabaki amesimama karibu.

Simu ya mama ikalia mfukoni. Akaitoa, simu kubwa ya kugusa, akabonyeza akaongea ujumbe wa sauti kwa mtu fulani kuhusu sare ya kitchen party, akairudisha. Nikamwangalia. Huyu hakuwa mtu anayeogopa teknolojia. Au alikuwa anaogopa wakati ule na sasa haogopi. Au alikuwa na simu ile hata wakati ule, na mimi sikuitazama. Nilijaribu kukumbuka nikashindwa.

"Mama," nikasema, "nataka kukuuliza kitu cha zamani. Vile vishikwambi. Kwa nini uliviweka kwenye ndoo?"

Akashangaa. "Si vumbi? Huoni pumba inavyoruka hapa? Vitu vipya, vya watu. Vingeharibika ungesema nini?"

"Lakini vilikuwa vya kutumia."

"Wewe ulisema tutaanza rasmi."

"Nilisema?"

"Ulisema. Siku ya mafunzo, mwishoni. Ulisema sasa mmejifunza, tutaanza rasmi. Nikasubiri uje uanzishe. Nilijua atakuja mgeni, labda na mkuu wa wilaya, tupige picha. Mbona mashine ilipofungwa tulianza rasmi?"

Nilijaribu kukumbuka siku ile. Ni kweli napenda kusema neno rasmi. Inawezekana nilisema.

"Nilipokupigia simu mbona hukuniambia hivyo?"

"Uliniuliza kama mfumo una tatizo. Haukuwa na tatizo."

Yule mfugaji akacheka kidogo puani. "Dada, huyu mama anakuonea aibu," akasema. "Alikuwa anakuogopa wewe."

"Mimi?"

"Wewe. Ulikuwa unakaa hapa na daftari. Akisema neno, unaandika. Akikohoa, unaandika. Sisi wenyewe tulikuwa tunanong'ona tukikuona. Tulijua umetumwa."

"Nimuogope mtoto?" mama akasema, akampiga yule baba begani kwa mfuko mtupu, na wote wawili wakacheka. Nami nikacheka, ingawa sikujua nacheka nini.

Nikaenda kumsalimia mwenyekiti ofisini, kwa sababu isingekuwa vizuri kupita bila kumsalimia. Katika mazungumzo nikataja barua yangu. Nikasema natumaini haikuleta shida kwa mama wa mapokezi.

"Barua ipi?" akauliza. Akafikiri. "Aa, ile. Hapana. Yeye alikuwa ameshaniomba ahame. Goti lilikuwa linamsumbua, kusimama na kukaa pale langoni. Barua yako ilipokuja nikaona ni jambo moja. Goti lilipopona akarudi."

"Kwa hiyo hukumhamisha kwa sababu ya barua?"

"Nilimhamisha kwa sababu ya goti." Kisha akaongeza, "Na barua ilisaidia kidogo."

Nilisimama nje ya ofisi ile kwa muda, kelele za mashine zikinipita masikioni. Nilikuwa nimekuja kutafuta sababu moja, na sasa nilikuwa nazo nne, na kila mtu aliyenipa yake alionekana anasema kweli. Matokeo yangu, ile hatua ya nne ambayo nilipongezwa kwayo, yalikuwa goti la mtu.

Niliporudi kwenye benchi, foleni ilikuwa imepungua. Nikakaa. Nikaona kama sitamwambia sasa sitamwambia tena.

"Mama, leo asubuhi nilikuwa kwenye usaili wa kazi Iringa. Waliniuliza habari zako."

"Zangu? Wananijuaje?"

"Hawakujui. Waliuliza kama nimewahi kufanya kazi na mtu mgumu."

Akaniangalia. "Ukanisema mimi."

"Ndiyo. Wakauliza kwa nini hukutumia mfumo. Nikasema uliniambia unaogopa teknolojia."

Hakukasirika. Heri angekasirika. Alikishika kile kishikwambi kifuani kwake, akafuta vumbi juu ya plastiki kwa kidole gumba, upande mmoja, kisha upande wa pili.

"Jina langu ulilitaja?"

"Hapana."

"Ubaruku ulitaja?"

"Nilisema mashine ya mpunga tu."

"Basi." Kisha akasema, "Ungesema tu kwamba mimi ni mbishi. Mbishi ni afadhali."

"Nisamehe, mama."

"Yameisha, mwanangu." Na baada ya muda, kama mtu anayeongea peke yake, "Lakini kweli ulikuwa unaandika sana."

Alinitafutia gari la mwisho la kunirudisha Igawa, akamwambia dereva huyu ni mwanangu umfikishe. Aliniwekea mchele kwenye mfuko wa rambo, mzuri, wenye harufu, nikaupakata hadi nyumbani. Sikuweza kujua kama ni zawadi ya mtu aliyenisamehe au ni desturi tu ya mtu ambaye haruhusu mgeni aondoke mikono mitupu.

Siku ya Alhamisi nilimpigia dada wa rasilimali watu. Nilikuwa nimeandika la kusema kwenye karatasi.

"Kuna jibu nililitoa Jumanne ambalo halikuwa sahihi," nikasema. "Lile la mama wa mapokezi. Sikuwahi kumuuliza sababu. Nilibuni."

Nikasikia mtu akifungua droo. "Sasa unataka tufanye nini?" akauliza, si kwa ukali, aliuliza kweli.

"Sijui. Nilitaka mjue."

"Na sababu yenyewe ni ipi?"

"Nimekwenda kuuliza. Ziko nne."

"Nne?"

Nikamweleza zote, vumbi, na neno rasmi, na daftari langu, na goti. Nilijisikia nikizidi kuchanganya. Akasema, "Sawa dada, nitawafikishia," na ile sawa yake ikanifanya nikae na simu mkononi muda mrefu baada ya yeye kukata.

Nilimsimulia rafiki yangu wa Dodoma. "Wewe hufai," alisema mwishoni. "Mtu anapigia kampuni simu kujishitaki?" Mama yangu nilimweleza pia, na yeye aliuliza jambo moja tu, kama yule mama wa Ubaruku nilimpelekea chochote nilipokwenda. Sikuwa nimempelekea kitu. Akatikisa kichwa, na wiki iliyofuata akatuma debe la viazi kwa gari la kwenda Rujewa, bila kuniambia mpaka lilipofika.

Wiki tatu zilipita. Nilishaanza kuomba kazi ya kufundisha kompyuta sekondari moja ya binafsi, ndipo ujumbe ukaja kwamba nimechaguliwa, niripoti Iringa mwanzo wa mwezi. Niliusoma mara nyingi kuliko ule wa kwanza. Haukusema kwa nini.

Mwezi wa kwanza nilisubiri mtu aseme kitu. Mkuu wa idara alinipokea vizuri, akanionyesha meza, na hakugusia. Dada wa rasilimali watu tukawa tunakula pamoja mchana, na siku moja nikashindwa kuvumilia.

"Ile simu yangu, uliwafikishia?"

Alitafuna kwanza. "Nilimwambia mzee. Mkuu alikuwa safari."

"Mzee akasema nini?"

"Aliuliza ulipiga lini. Nikamwambia Alhamisi. Akasema sawa."

"Sawa tu?"

"Sawa tu." Akaniangalia. "Lakini kwenye fomu yake, kwenye swali lile, hakuweka alama. Wenzake waliweka. Yeye aliandika kitu kimoja kwa peni halafu akakikata, hatukuweza kukisoma. Ikabidi tuhesabu alama za wawili."

Nikamuuliza mzee anapatikana wapi. Akasema muda wake kwenye bodi ulikwisha mwezi ule ule, na amerudi kijijini kwake, na simu yake mara nyingi haipatikani. Niliijaribu mara mbili. Mara ya pili ilipokelewa na mwanamke ambaye alisema mzee yuko shambani, nani anamtafuta? Nilishindwa kujieleza mimi ni nani kwake. Nikasema nitapiga tena.

Mchana ule kulikuwa na kazi. Wakulima wa mpunga wa Idodi walikuwa wameomba mfumo wao, na mkutano wa kuwauliza maswali ulikuwa umepangwa asubuhi ya kesho yake kabla jua halijawa kali. Nilijaza fomu ya gari, nikamuuliza dereva tutaondoka saa ngapi. Alisema saa kumi na mbili kamili, na kwamba nivae viatu vya kutembelea kwa sababu ofisi yao iko ng'ambo ya mfereji.